Asiyekuwapo na Lake Lipo
Mhadhara wa wazi kuhusu upigaji kasia katika maji makali, uliotolewa korongoni Arash, tarafa ya Loliondo, na Mtaalamu Mwenyewe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, wazee wangu wenye vigoda na mliosahau vigoda, mama zangu mliokaa pembeni kana kwamba maji hayawahusu, morani mnaosimama kwa mguu mmoja, na wewe kijana wa bodaboda niliyekuomba tangu saa ile uzime injini: nawasalimu kwa jina la Sayansi.

Nimeombwa nijitambulishe. Hakuna aliyeniomba kwa mdomo, ila ukimya wenu nimeuelewa. Mimi ni Mtaalamu Mkuu wa Upigaji Kasia katika Maji Makali, Kanda ya Kaskazini, cheo nilichokipata katika uchaguzi huru na wa haki uliofanyika sebuleni kwangu Karatu, ambako mgombea alikuwa mmoja na wapiga kura walijitokeza kwa asilimia mia. Tangu siku hiyo sijapinduka na chombo mtoni. Naomba hilo liingie kwenye muhtasari. Waulizeni wapiga kasia mashuhuri wa dunia hii kama kuna mmoja anayethubutu kuapa hivyo. Wote wamepinduka. Wote wamekunywa maji. Tena wamepinduka mpaka wakabuni namna ya kujigeuza chini kwa chini na kuibuka wakiwa bado wamekaa ndani ya kayaki, na hilo nalo wanaliita ufundi. Mimi mtu anayejisifu kwa kuinuka, namtilia shaka katika kukaa.

Mzee pale anauliza mto uko wapi. Swali zuri, nalitegemea kila ninapokwenda.

Mto ni huu. Najua mnaona mchanga, mawe, miti ya migunga kwenye kingo na mbuzi wawili wanaotafuna ratiba yangu. Ninyi mnaliita korongo. Mtaalamu anaona mto ulio likizo. Wilaya yetu ya Ngorongoro, nawakumbusha, ina Oldupai, korongo lenye urefu wa kilomita 48 hivi na kina kinachofika mita 90. Nani alilichimba? Si Halmashauri. Maji ndiyo yaliyokata tabaka za majivu ya volkano, moja baada ya nyingine, mpaka yakaianika mifupa iliyozikwa humo, na tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey akaliona fuvu la Zinjanthropus. Pale kingo zipo, kina kipo, kona zipo. Limepungukiwa na kitu kimoja tu, na mimi si mtu wa kukatishwa tamaa na kitu kimoja.

Upande wa kusini wa hapo iko Laetoli, penye zile nyayo za miaka milioni 3.6 zilizogandishwa kwenye majivu. Wenzangu wa fani ya mifupa wanazisoma kama ushahidi wa kutembea kwa miguu miwili. Hawakukosea, ila waliishia njiani. Mimi nazisoma kama ushahidi wa kale kuliko wote wa kanuni mama ya upigaji kasia: maji yakikushinda, shuka, jitwike chombo chako, tembea nchi kavu mpaka uyapite. Ni kweli kwamba chombo chenyewe hakikupatikana. Walikwenda nacho.

Sasa tuingie kwenye nadharia, maana naamini mmekuja kwa ajili yake na si kwa ajili ya chai iliyotangazwa msikitini, kanisani na mnadani. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa heshima zote, wahenga hawakusoma historia ya mito. Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza aitwaye John Hanning Speke alisimama pale Jinja, Nile inapotoka ziwani, akayaona maji yakiporomoka. Akayaita maporomoko ya Ripon. Ripon alikuwa nani? Mvuvi wa pale? Mwenye mtumbwi? Hapana. Alikuwa bwana mkubwa wa Uingereza, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia wakati safari ile ilipopangwa, na hakuyatia machoni. Ziwa lenyewe Speke alishalipa jina la Malkia Victoria, ambaye hakukanyaga Afrika hata kwa bahati mbaya. Halafu nendeni mto Kongo. Kati ya Pool Malebo na Matadi kuna mfululizo wa maporomoko 32, mto unashuka kama mita 270 katika mwendo wa kilomita zaidi ya 300, na yote kwa pamoja yamepewa jina la Livingstone. Mzee Livingstone mwaka 1871 alifika Nyangwe, mbali kabisa huko juu, akatafuta mitumbwi akaikosa, akarudi Ujiji. Akafariki mwaka 1873 bila kusikia hata mngurumo wake.

Mpangilio mnauona? Anayefika huambulia homa, asiyefika hupewa maporomoko. Kwa kipimo hicho mimi, ambaye sijafika popote, nilistahili bonde lote la Kongo pamoja na vijito vyake. Kwa unyenyekevu nimeamua kuanza na korongo la Arash.

Vitendo, sasa. Mzee, naomba fimbo yako kidogo. Asante. Chombo chetu cha mafunzo ni hiki hapa, nusu ya pipa la plastiki la bluu, lililopasuliwa kwa urefu. Nimeliazima kwa mama mmoja wa boma la jirani, na ile harufu ya maziwa na mate ya ndama msiijali. Mwanafunzi atakaa ndani, magoti yamebana pande zote mbili, kichwani helmeti. Kijana wa bodaboda, lete hiyo helmeti yako ambayo huivai.

Nachora mchangani. Maji yanapopita kati ya mawe mawili, juu yake hujichora herufi V. Kama ncha ya V inaelekea kule maji yaendako, hapo pana njia, pita katikati. Kama ncha inakutazama wewe unayekuja, hapo chini kuna jiwe, na jiwe halina haraka. Nyuma ya kila jiwe kubwa maji hurudi kinyumenyume na kutulia. Hapo ndipo mpiga kasia anapoingiza chombo apumzike na kuutazama mto ulio mbele yake kabla haujamtazama yeye. Ukisukumwa ubavu dhidi ya jiwe, lilalie, ulikumbatie jiwe lenyewe. Anayejivuta kwa woga upande yanakotoka maji huyapa nafasi ya kupanda juu ya chombo, na mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Maji yakiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kukusukuma inakuwa mara nne. Ndiyo maana mtu mzima huangushwa na maji yasiyovuka magoti.

Ukianguka, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu juu ya maji. Usijaribu kusimama. Mguu ukinasa kati ya mawe, mto utakulaza kifudifudi na utaendelea na shughuli zake. Na katika mito ya msituni, adui mkubwa si jiwe wala mamba. Ni mti ulioanguka. Maji hupita katikati ya matawi, mwili haupiti. Mito hii hupangwa kwa madaraja sita. La kwanza unaweza kupita huku unaongea na simu, la sita ni la kuandikia wosia. Yote haya nimeyasoma kwa makini sana, nikiwa nimelala chali, vidole vya miguu juu.

Naam, mzee mwenye shuka la bluu. Anasema nitoke hapa katikati ya korongo nipande ukingoni walikokaa wao. Mzee wangu, jua hili linachoma, mbingu nyeupe. Anasema mvua haihitaji kunyesha hapa, ikinyesha kule milimani inatosha. Anasema korongo likija, hutangulia harufu ya udongo, kisha ng'ombe wanainua vichwa wote kwa pamoja, kisha kinakuja kitu kama takataka zinazotembea: vijiti, povu, kinyesi kikavu cha ng'ombe, matawi ya migunga, na nyuma yake ndipo unapokuja ukuta wa maji, rangi ya chai ya maziwa. Ukishaona vijiti, anasema, usikimbie kufuata korongo, panda ubavuni. Na ukilazimika kuvusha mifugo maji yakiwa bado yana nguvu, usiikabili ng'ambo moja kwa moja. Waache ng'ombe wakate mshazari, waelekee kule maji yaendako, watatokea chini zaidi lakini watatokea.

Nimesikiliza. Hayo, wazee wangu, ni maarifa ya mtaani, hayana cheti, hayana mhuri, wala hayakupitishwa na jopo. Kwa hiyo nimehamia ukingoni kwa sababu za kitaaluma tu: sauti yangu inasambaa vizuri zaidi kutoka juu. Na hiyo habari ya vijiti na mshazari nimekwisha kuiandika. Itatoka katika kitabu changu kama Kanuni ya Kwanza ya Mtaalamu Mkuu. Mzee ataingia kwenye ukurasa wa shukrani, chini kabisa, kama "mwenyeji mmoja".

Msinung'unike. Ndivyo fani ilivyojengwa, na mfano ninao, tena wa watu wa lugha yetu hii hii. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa wa Wangwana wa Unguja, wapagazi na askari, wakabeba mashua iliyoungwa kwa vipande, Lady Alice, mabegani, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, hadi Tanganyika, hadi mto Lualaba. Mashua iliyotembea kwa miguu umbali huo! Hapo kanuni mama imetimizwa kuliko mahali popote. Nahodha wa mashua hiyo aliitwa Uledi.

Januari 1877 wako kwenye maporomoko yanayoitwa leo Boyoma, juu ya Kisangani, msitu mzito pande zote mbili. Mtumbwi mmoja unavutwa na mkondo, unapasuka juu ya jiwe ukingoni kabisa mwa poromoko, na Zaidi, mwana wa msafara, anabaki ameng'ang'ania pale katikati ya mto, maji yanamwagika kuume na kushoto. Stanley, kwa maandishi yake mwenyewe, yuko ukingoni anatoa maelekezo. Wanasokota kamba kwa mitambaazi ya msituni, wanaongezea kamba za mahema, wanafunga mtumbwi mwingine. Nani ataingia? Uledi anaingia, na mwenzake Marzouk. Wanateremshwa taratibu kuelekea kwenye ule mdomo, wanamrushia Zaidi kamba, inamkosa, wanarusha tena, tena. Hatimaye anaishika, anaachia jiwe, anatoweka chini ya maji, na wakati huo huo kamba za mitambaazi zinakatika. Mtumbwi unakwenda. Uledi na Marzouk wanaingia kwenye kisiwa kidogo cha mawe, wamemshikilia Zaidi, wanampandisha. Wote watatu wanalala pale usiku mzima, mto unanguruma pande zote, na wanaokolewa kesho yake.

Hapa, kama mtaalamu, nina maoni. Uledi hakuvaa helmeti. Hakujaza fomu. Mpaka safari ilipokaribia mwisho hesabu ya Stanley ilisema Uledi ameokoa watu 13 wasizame, na hakuna ripoti hata moja aliyoiwasilisha. Tena katika siku za njaa huko chini alikutwa na shanga zilizoibwa kwenye mizigo, na shanga ndiyo iliyokuwa fedha ya kununulia chakula, akashitakiwa mbele ya msafara wote. Nduguye Shumari akasimama akaomba agawiwe nusu ya viboko, binamu yao naye akasimama, na watu wakamwombea mpaka akasamehewa. Aibu hiyo ingeepukika kabisa angekuwa na elimu. Sisi wenye elimu hatuchukui shanga. Tunaandika hati ya posho.

Juni mwaka huo huo Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki pamoja na Stanley, ana vidonda miguuni, hawezi kutembea kuzunguka poromoko la Massassa. Anataka wapite na mtumbwi. Uledi anakwenda kuutazama mto, anarudi na kusema haupitiki. Pocock anawakejeli kwamba wanaogopa. Basi, wakaingia. Uledi alitoka hai, Pocock hakutoka. Mnaona, wazee wangu, hatari ya kumwuliza mtu ushauri halafu akawa anaujua?

Na kwa wale wanaodhani kwamba majina yote yalikwenda kwa mabwana, nawatuliza. Kuna poromoko Stanley alilolipa jina la Kalulu. Kijana huyo alikabidhiwa kwa Stanley pale Tabora mwaka 1871 akiwa mtoto, akapelekwa Ulaya, mwaka 1874 akahudhuria maziko ya Livingstone mjini London, na Machi 1877 mkondo ukauchukua mtumbwi wake pamoja na wenzake, ukawavusha poromoko lile, hawakuonekana tena. Kwa hiyo njia za kuingia kwenye ramani ni mbili: ama usifike kabisa, ama usirudi. Kijana mmoja hapo nyuma anauliza poromoko la Uledi liko wapi. Kwenye ramani nilizonazo sijaliona. Huyo alifika, akarudi, akaharibu utaratibu.

Wengine mtauliza kwa nini sikufanya mhadhara huu Jinja, kwenye maji yenyewe, ambako tangu miaka ya 1990 watalii hulipa fedha ili wamwagwe kutoka kwenye boti la mpira. Nina sababu. Kwanza, maporomoko ya kule hayana msimamo. Ripon yalizama mwaka 1954 lilipojengwa bwawa la Owen Falls, hili ambalo leo ni Nalubaale. Bujagali yakazama, mitambo ya megawati 250 ikazinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2019 bwawa la Isimba nalo, megawati 183, likameza mengine huko chini. Mtaalamu anajifunza poromoko kwa jina, kesho yake limegeuka umeme wa kuchaji simu. Pale Bujagali palikuwa na mzimu wenye heshima zake, na masimulizi ya Wasoga yanasema mwenye mzimu huo aliweza kuvuka mto akiwa ameketi juu ya kitambaa cha gome la mti. Hakuna kasia, hakuna jaketi okozi. Huyo ndiye pekee ninayemhesabu kama mshindani.

Pili, mamba. Desemba 2010 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyeongoza safari ya Nile kutoka ziwani hadi bahari ya Mediterania mwaka 2004, alichukuliwa na mamba kwenye mto Lukuga, mashariki ya Kongo, akiwa ndani ya kayaki yake na wenzake wawili karibu naye. Yule alikuwa mpiga kasia kwelikweli, na kwake nanyamaza.

Nimeshanyamaza. Tuendelee.

Arash hatuna mamba. Tuna mto usioweza kuzamishwa na bwawa lolote, kwa sababu bwawa lingekuja likute hakuna cha kuzamisha. Mwaka 2011 nchi nzima, na nchi jirani, ilijua njia ya Loliondo kwa ajili ya kikombe cha dawa cha Babu wa Samunge, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi vumbini, kikombe shilingi 500. Kikombe kimoja! Mimi nawaletea mto mzima na bado mnatazama saa. Ada zangu ni hizi: Cheti cha Daraja la Kwanza, mbuzi mmoja, Daraja la Tatu, mbuzi dume wawili au kondoo mwenye mkia, Daraja la Sita hakitolewi, ila anayelipa ndama nitaliandika jina lake kwenye kona mojawapo ya korongo, achague mwenyewe kama ni kwa njia ya kutofika au ya kutorudi.

Maswali. Morani anauliza kama chombo kinaweza kusimama wima mtu akachunga nacho. Nje ya mada. Mwenyekiti anauliza kama chai inakuja. Nje ya mada. Mama, wewe je? Mama anasema hana swali. Anasema ndama wamerudi, wamekaa kwenye zizi wanalia, na anataka pipa lake. Mama, hili ni chombo cha mafunzo, wanafunzi bado hawajakaa hata mmoja. Anasema ndama hawajui mafunzo. Mama, angalau subiri nipige picha nikiwa ndani, na kasia mkononi, kwa ajili ya jalada la kitabu. Kijana, shika simu. Usionyeshe mchanga. Piga kuanzia kifuani kwenda juu, na yule mbuzi mtoe.